Blanketi la Mkwe Kwenye Mto Rhine

Niliondoka Tongaren kwa sababu ya simu moja. Nekesa, binti yangu ambaye ni muuguzi Ujerumani, alikuwa ameolewa hukohuko na sasa alikuwa na mimba. "Mama, kuja," alisema. "Markus hujamwona hata siku moja. Disemba tunataka kuleta mtoto nyumbani, lakini kwanza mjuane." Nilipita Kitale nikanunua sweta nzito ya mitumba, sweta iliyotoka Ulaya na sasa inarudi kwao. Kisha nikafika Bungoma kumuaga dada yangu Rosa. Hakuuliza habari za ndege. Alisema, "Mkwe ata akiwa mzungu ni mkwe. Usikae na yeye meza moja." Nikamwambia mimi sikuzaliwa jana.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze kidogo. Sisi Wabukusu, kwa jinsi nilivyolelewa, mama hampi mkwe wake mkono, hali naye, wala hapiti karibu naye. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini ili mwenzake apite. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Inalegea siku mkwe atakapomletea mama blanketi. Markus hakuwa ameleta hata leso.

Nyumbani kwao Ujerumani sikupata shida. Yeye alitoka mapema kwenda kazini, na akirudi mimi nilikula jikoni. Lakini akapanga kunifurahisha, akatulipia safari ya meli ya mtoni, ile ya kulala humo na kushuka mchana kutazama miji. Siku ninayosimulia ni ya pili.

Asubuhi tuliondoka Koblenz. Markus alikaa juu, upande wa mbele, nami nikaenda nyuma. Akija nyuma, mimi nakwenda mbele. Meli ni ndefu lakini si shamba, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeizunguka kama askari wa ghala la mahindi. Yule kijana alikuwa na macho ya upole na mikono mikubwa ya mtu anayefanya kazi. Nilimpenda, na kwa sababu nilimpenda nilizidi kumkwepa.

Mbele kidogo mto unapita katikati ya milima. Imesimama wima kama ile ya Kapsokwony, na wenyeji wameipanda zabibu mpaka juu. Niliwahurumia wanaopalilia pale. Juu ya zabibu kuna ngome za mawe, nyingine zimebomoka. Nekesa alinieleza kwamba wakubwa wa zamani walifunga mnyororo mtoni, na hakuna mashua iliyopita bila kulipa. "Kumbe roadblock ya polisi haikuanzia kwetu," nikamwambia. Alicheka, na mchana ule hakucheka tena.

Wakati wa chakula tulikuta meza imeandaliwa kwa watu watatu, mimi, Nekesa na Markus. Nilichukua sahani yangu nikahamia meza ya dirishani. Mhudumu akanirudisha kwa adabu, kwamba kila mgeni ana mahali pake. Nikasimama na sahani mkononi, samaki anapoa, watu wote wananitazama. Markus alisema maneno machache kwa Kijerumani, akaweka kitambaa chake mezani, akatoka bila kula.

Nekesa alilia palepale. "Mama, amesema Disemba hataenda Tongaren. Ati hawezi kulala kwa mtu hamtaki. Na mimi siwezi kwenda na mtoto peke yangu kama mtu ameachwa."

"Nani amesema simtaki? Wewe hukumwambia mila yetu?"

Alikunja kitambaa. "Niliona aibu. Nilidhani ukifika huku utaacha."

Nilikasirika, sitaficha. Siku zote hizo nilikuwa nikimheshimu mtu kwa lugha ambayo hakuna aliyemtafsiria. "Si umwambie basi," nikasema. "Mimi siwezi. Mkwe haambiwi mambo hayo na mama mkwe."

Mchana meli ilitia nanga Bacharach, mji mdogo wenye nyumba za mbao zilizopinda kwa uzee. Wageni wengine walimfuata kiongozi kwenda kanisani. Nekesa alimketisha Markus kwenye benchi la uwanja mdogo na kuanza kusema. Mimi nilisimama ng'ambo, mbele ya duka la mikate. Kama angetikisa kichwa, mjukuu wangu angekua bila kuona mahindi yangu. Baridi ilikuwa ikipenya ile sweta ya Kitale.

Markus hakucheka. Aliuliza jambo, Nekesa akajibu, akauliza tena. Kisha akainuka, akaingia duka la nguo lililokuwa jirani, akakaa humo hadi nikadhani ametoroka kwa mlango wa nyuma. Alipotoka alikuwa amebeba blanketi jekundu la sufu. Hakunijia. Aliliweka kwenye benchi, akalinyoosha kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaangalia chini kama kijana wa Tongaren.

Nilivuka uwanja, nikajifunika. Kisha nikampa mkono. "Asante, baba," nikasema.

Jioni, meli ikiendelea na safari, tulikula meza moja. Alinimegea mkate. Nilimwonyesha kwa vidole jinsi tunavyokula ugali, na yeye akajaribu kwa viazi.

Nilirudi nyumbani kupitia Eldoret na Kitale. Rosa alikuja na jirani zangu, wakataka kusikia habari za ngome na zabibu. Niliwaambia hayo, nikaongeza nililojifunza: heshima usipoieleza, mgeni ataihesabu dharau, na kosa si lake.

Disemba walikuja. Niliona gari likisimama mbali, Markus akashuka na mtoto kifuani, akafika langoni na kusimama. Hakuingia. Alikuwa amejifunza kupita kiasi, maskini. Nekesa alimsukuma, akakataa.

Jua lilikuwa la saa saba. Niliingia ndani, nikatoa lile blanketi jekundu, nikajitanda mabegani mpaka jasho likanitoka, nikasimama katikati ya uwanja pale anaponiona vizuri. Ndipo alipofungua lango, akaniletea mtoto.