Machozi Niliyoyapeleka Mnadani

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyoingia mnadani Mkiwa na ng'ombe wa watu, nimemfunga gogo la mazoezi analikokota. Nilikuwa kijana, najifunza kwa Mzee Mughenyi kazi ya kufundisha maksai kulima. Yule ng'ombe alikuwa wa mama mmoja mjane wa Mungaa, na alikuwa na wiki mbili tu tangu aanze kufundishwa. Mzee alishanikataza nisimtoe zizini. Lakini mnadani kulikuwa na wasichana, na wachuuzi, na watu wa kila namna, nami nilitaka waseme, "Mwoneni Daudi!"

Wakasema kweli, na makofi wakapiga. Ng'ombe akashtuka, akakimbia na gogo lake, akatumbukia mtaroni. Alichinjwa pale pale. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, likavunjika guu la ng'ombe wa mjane.

Mzee Mughenyi hakunipiga. Heri angenipiga. Alinikalisha chini, akasugua tumbaku kiganjani, akasema, "Daudi, ng'ombe hajui kama unatazamwa. Anajua mkono wako tu."

"Nimekosa, baba."

"Mtu anayeita jina lake mwenyewe ni yule aliyepotea porini. Aliye nyumbani huitwa na wenzake."

Nililima shamba la yule mama kwa jembe la mkono misimu miwili. Baada ya hapo nikafanya kazi miaka na miaka bila kupiga kelele, na jina likaja lenyewe, taratibu, kijiji kwa kijiji. Ikawa mtu akiuza maksai anasema, "Huyu kafundishwa na Daudi," na mnunuzi anaacha kuuliza maswali. Huo ndio uliokuwa umaarufu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyekujua alikujua kwa sababu ng'ombe uliyemfundisha alimlimia mtama, na watoto wake wakala.

Siku hizi kujulikana ni kitu kingine kabisa. Mwaka jana maksai wangu Msafiri alikufa kwa ndigana, ugonjwa ule wa kupe. Nililima naye misimu kumi na mmoja. Niliinama shingoni kwake nikalia, wala sioni aibu kusema. Sikujua kwamba mjukuu wangu Neema, niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa nyuma yangu na simu. Kabla ya wiki kwisha nchi nzima ilikuwa inanicheka, nikaitwa Babu wa Maksai. Vijana wakaja na bodaboda kutoka mjini kupiga picha na mimi. Shikamoo hakuna. "Babu, mambo vipi! Tupe kile kilio!" Hata mmoja hakuuliza kazi yangu ni nini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo panaponiuma. Siku moja Neema alinifuata zizini.

"Babu, lia tena kidogo. Watu wanakuulizia."

"Nimlilie nani? Ng'ombe wote wazima."

"Mlilie yule mwekundu. Nani atajua?"

Nikalia. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Mughenyi, nilimkumbatia ng'ombe mzima nikamlilia, naye anacheua tu, ananitazama. Wakapenda, wakataka tena, nikalia tena. Simlaumu Neema peke yake. Ule utamu wa kutajwa ulionipata mnadani ujanani ulinirudia uzeeni, na mvi zangu zote hazikunisaidia kitu.

Mwaka huu, baada ya mavuno, mke wangu alifariki. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka arobaini na miwili. Nilipoinama kutupa udongo kaburini, machozi yakanijia. Nikainua uso. Simu zilikuwa juu, na kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Haya, ameanza."

Nikayameza. Niliyameza machozi ya mke wangu, mwanangu, kwa kuwaogopa watoto wenye simu! Neema naye alijifunika kanga uso mzima, maana walimgeuzia na yeye. Nilimwona mabega yakimtetemeka, nikashindwa hata kumkasirikia.

Sasa huko kisimani wanasema Mzee Daudi alimlilia ng'ombe, mkewe hakumlilia. Na waliloliona ndilo hilo.

Basi nakuasa kabla hujachelewa kama mimi. Shika kazi yako, uifanye hata kama hakuna anayekutazama, na waache uliowafaa ndio wakutaje. Usijiite jina mwenyewe. Watu wasiokujua watakupenda kwa asubuhi moja, na jioni wamekwisha kumpata mwingine. Na machozi yako usiyachezee mbele yao hata mara moja, maana ukiyachezea, siku utakapolia kweli watacheka. Tena ukimwona mtu analia, tia simu mfukoni, umshike mkono.

Mungu akupe jina litakalotajwa kwa heri hata pale usipokuwapo. Na siku yako ya kulia ikifika, kwa kuwa itafika, akupe watu wa kulia nawe, ulie mpaka moyo utulie.