Kunde za Msiba wa Dada Asnath

Simu ya Joel ilinikuta uani, nachambua mlenda wa kupeleka kwa mama yake siku ya Krismasi. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili Desemba, saa nne asubuhi.

"Mama mdogo, kaa chini kwanza," alisema.

Nilikuwa nimeshakaa.

"Mama ametutoka."

Nilimwuliza kama amekunywa chai. Simu ilipokatika niliendelea kuchambua yale majani mpaka yakaisha, maana sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Dada yangu Asnath aliishi Ipagala na alishona sare za shule sebuleni kwake. Joel, mwanawe wa pekee, alipokuwa na miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo. Asnath akamwahidi Mungu kwamba mtoto akipona, nyumba yake haitaonja nyama tangu Majilio yaanze mpaka mwaka mpya uingie. Joel akapona. Mwaka wa kwanza dada alijikaza tu. Baadaye akapenda. Desemba ndiyo mvua zetu zinaanza, na baada ya miezi mingi ya mlenda wa kukausha, majani mabichi yanachipua hadi kando ya barabara. Siku ya Krismasi alipika mgagani kwa karanga, wali, ugali wa uwele, na sufuria kubwa ya kunde iliyokaa motoni tangu alfajiri.

Jirani yake Wambura, mtumishi wa wizara, mtu wa Mara, hakuacha kumtania. "Hapa tunakula Krismasi ya mbuzi."

"Mbuzi gani tena, baba?"

"Mbuzi si sisi hawa, tunaotafuna majani?"

"Basi lete sahani, mbuzi," dada alimjibu, na Wambura aliongezewa kunde mara ya tatu.

Wiki moja kabla hajafa nilikuwa namlisha uji hospitalini. Akanishika mkono. "Debora, nikiondoka kabla ya mwaka mpya, msichinje. Wapikieni watu kunde. Nadhiri ni ya nyumba yangu, na msiba utakuwa wa nyumba yangu."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nijibu."

Nikamjibu ndiyo.

Kwa hiyo siku ileile ya simu nilimwendea baba mdogo Mazengo, mkubwa wa ukoo, pale msibani nyumbani kwa dada. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

"Mwanangu, watu wanakuja toka Kondoa na mvua hii. Niwape majani? Watasema Asnath alizikwa kama mtu asiye na kwao."

Nikamtazama Joel. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Ile nadhiri ilikuwa kwa ajili yangu," alisema polepole. "Lakini babu ndiye mkubwa." Asubuhi yake ng'ombe akachinjwa. Niliomba kitu kimoja tu, nipike sufuria moja ya kunde kwa ajili ya wa nyumba yake. Baba mdogo akakubali.

Siku ya mazishi niliziinjika kunde mwenyewe kwenye mafiga ya pembeni, kisha nikaitwa kwenda hospitalini kumvisha dada. Tuliporudi na jeneza, Priska, kiongozi wa kina mama wa kanisani, alinipokea na sahani, akanipa kwa mikono miwili.

"Tulizikuta kavu, dada yangu," alisema. "Tukaona wafiwa hamwezi kula kunde tupu kama wafungwa. Tukawatilia ule mchuzi wa nyama wenye mafuta."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Tangu usiku wa kwanza hakuwa amelala. Nikasema asante. Joel alinusa sahani yake, akaiweka chini ya benchi, nami nikaweka yangu. Watoto wa ndugu zetu walikuwa wameshaanza kula. Nilimwomba Mungu aniambie kama nadhiri imevunjwa na mimi au imevunjwa na wema wa watu, na mpaka leo ninaomba hivyo hivyo.

Baada ya chakula tulimsafirisha, tukamzika saa tisa alasiri, tarehe ishirini na nne, kwenye makaburi ya ukoo nje kidogo ya Kibaigwa. Mvua ilikuwa imekatika. Mchungaji alisoma sala, tukaimba nyimbo mbili. Jeneza liliteremshwa kwa kamba. Joel alitupa udongo kwanza, halafu mimi, halafu baba mdogo Mazengo. Wambura alipokezana koleo na wanaume wengine. Udongo ulikuwa mzito kwa maji, wakachukua muda kumaliza. Msalaba wa mbao ulisimikwa upande wa kichwani, wenye jina lake, na tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Mchungaji akatoa baraka, tukaondoka.