Mzee Bonaya Hali Majani

Mzee Bonaya Sarite aliingia Addis Ababa katikati ya Kwaresima, na hilo peke yake lilitosha kumtia Mborana, mfugaji wa ng'ombe wa kusini, taabuni. Wiki nane nzima Wakristo wa mji ule hawagusi nyama, maziwa wala siagi. Mabucha yao hufungwa, na ukiketi mgahawani unaletewa sinia ya injera, ile chapati pana ya chachu, iliyopangwa vilima vya sukuma, kabichi, karoti na dengu. Naye Bonaya, tangu alipoachishwa ziwa hadi meno ya mbele yalipomtoka, alikuwa hajameza jani. Majani ni ya ng'ombe, na ng'ombe ni wa mtu. Kwao Dirre, ukisikia wakisema fulani siku hizi anakula majani, ujue hawasemi habari za tumbo lake. Wanasema zizi lake limebaki tupu.

Ndiyo maana siku ya kwanza alitenda kosa ambalo Mborana peke yake angeweza kulitenda. Mwanawe Tache alimpeleka kwenye mgahawa mdogo wa Mama Asnakech, jirani na chumba chake cha kupanga. Mzee akatazama meza baada ya meza: watu wazima, wamevaa vizuri, saa mkononi, wote wameinamia kabichi. Moyo wake ukajaa huruma.

"Poleni sana, mama," akamwambia Asnakech alipoweka sinia. Mama yule alikijua Kioromo, lugha ya mzee, ila kwa lafudhi ya kaskazini. "Kumbe ukame umefika mpaka huku? Ng'ombe wenu wote wameisha?"

Asnakech aliegemea mwimo wa mlango akacheka hadi akafuta machozi. "Wapo, baba yangu! Tumewapumzisha tu. Huu ni mfungo. Ngoja Pasaka uone tutakavyowashughulikia."

"Yaani mnao, na mnakula hivi kwa hiari yenu?"

"Kwa hiari yetu, na kwa ajili ya Mungu."

"Huyo Mungu wenu amewahi kuyaonja haya?"

Mgahawa mzima uliangua kicheko, na Tache ndiye aliyecheka kuwashinda wote. "Mama Asnakech, usijisumbue. Baba hali majani. Mletee mkate na chai."

Chai ilikuja bila maziwa. Bonaya aliinywa kama mtu anywaye dawa, akatafuna mkate mkavu upande wenye magego. Alimwona mwanawe akikunja sukuma ndani ya injera kwa vidole vyepesi vya mtu aliyezoea.

"Usinitazame hivyo, Baba. Mjini mtu anajifunza. Nikirudi nyumbani nitayasahau haya yote ndani ya wiki moja."

Maneno hayo, nikirudi nyumbani, yalimchoma mzee kuliko njaa.

Maana hakuwa amekuja kutembea. Alikuwa amekuja kusema jambo ambalo halisemwi kwa simu: ng'ombe wamekufa. Wake, na wa Tache pia. Siku Tache alipopewa jina, baba yake alimfungia mtamba mwekundu aitwaye Magala, kama kila mtoto wa kiume wa Kiborana anavyofungiwa wake, na kutoka kwa mtamba yule ulizaliwa ukoo mzima wenye jina lake. Miaka mitatu Tache alikuwa akilinda lango la ghala la saruji, akijinyima, huku akijua nyumbani ukoo wa Magala unamngoja.

Mvua ya tatu ilipokosa, Bonaya alimwambia mwanawe kwa simu kwamba kundi limepelekwa kambi ya mbali, huko Golbo, ambako manyunyu yalikuwa yameanguka. Siku hiyo ilikuwa kweli. Mvua ya nne ikakosa, na ya tano. Tache akipiga simu, ataanza kama ipasavyo: mama amani? Majirani amani? Ng'ombe amani? Na Bonaya atajibu: amani. Kwao salamu haina jibu lingine. Hata kama kuna maiti ndani, kwanza unajibu amani, kisha mnaketi, mnakunywa, ndipo unatoa lililo kifuani. Lakini simu haina kuketi. Salamu ikiisha, na salio nalo limekwisha. Basi ile amani ikabaki imesimama peke yake, mwezi baada ya mwezi, mpaka ikawa uongo.

Mtu huyu hakuwa mwongo, na nalisema hili kwa sauti kwa sababu wapo watakaomcheka. Alikuwa mtu wa visima. Ujana wake wote alisimama kwenye ngazi za kisima kirefu, katika mstari wa wanaume wanaopokezana ndoo za maji wakiimba, na ng'ombe wa ukoo wake waliijua sauti yake wakaja wenyewe. Ukame wa mwisho ulipokaza, yeye na mkewe Dhaki waliinua ng'ombe kwa mikono. Ng'ombe aliyekonda akilala usiku hawezi kusimama asubuhi, basi mmoja anashika mkia, mwingine anaweka bega chini ya kifua, mnamsimamisha, mnamshikilia hadi miguu ikumbuke kazi yake. Kesho yake tena. Mzee wa miaka sitini na tisa. Mtu wa namna hiyo ulimi ukimgandia, mimi simlaumu. Lakini Waswahili walikwisha sema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kituoni, siku aliyofika, Tache alimkumbatia akamsalimu, na alipofika kwenye ng'ombe amani, mzee akajibu amani. Akajiambia: tukiketi nitasema. Wakaketi. Tache akamtangulia.

"Ukiondoka narudi nawe, Baba. Nimechoka kulinda saruji ya watu, na ng'ombe wangu wanalindwa na watu."

"Kazi si bado unayo?"

"Ninayo, ila nitawaaga. Wee, Baba, hujui nilivyoitamani harufu ya zizi!"

Basi mzee akaahirisha. Akajipa siku moja. Kesho yake akajipa nyingine. Kila mara walipokwenda kwa Asnakech, alikunywa chai yake ya rangi, akatafuna mkate, naye Asnakech akamtania: "Mzee, kwa ukondefu huu watu wa kwenu watasema nimekuroga." Usiku alilala kwenye godoro la mwanawe tumbo likimnguruma, akiyapanga maneno kuanzia mwanzo: mwanangu, kule kambini. Mwanangu, kule kambini. Hakuwahi kuvuka hapo.

Siku ya tatu aliamka ameazimia. Akajua akimwacha Tache aiache kazi kwa ajili ya zizi tupu, atakuwa amemuua mara ya pili, baada ya ukame. Alimngoja atoke zamu. Tache alirudi mapema, saa tano ya asubuhi, uso umemeremeta, amevaa shati jipya.

"Leo hatuli majani! Nakupeleka mtaa wa Waislamu, huko hawana mfungo. Kuna mbavu za mbuzi zinachomwa hapo hapo, mafuta yanadondoka. Na maziwa ya ngamia yapo. Nina jambo la kusherehekea, nitakwambia tukiwa na mfupa mkononi."

Mate yalimjaa mzee mdomoni. Siku tatu hajala ila mkate. Lakini aliona wazi: akienda kule, akiweka nyama ya furaha kinywani mbele ya mtoto huyu, hatasema tena maisha yake yote.

"Hapana," akasema. "Twende kwa yule mama."

"Kwa Asnakech? Ukale nini, kuta?"

"Twende tu, mwanangu."

Wakaenda. Asnakech akaleta sinia na chai kama ada. Tache akanawa, akacheka, "Haya, mtu na mkate wake."

Bonaya akafungua mdomo. "Mwanangu, kule kambini..." Akakwama pale pale. Macho ya Tache yalikuwa yanacheka bado. Mzee akaangalia sinia. Akanyoosha mkono wake wa kulia, mkono uliojaa sugu za kamba za kisimani, akakata kipande cha injera, akakizamisha kwenye sukuma, akabana, akatia kinywani.

Ilikuwa laini na chungu kidogo. Koo lilikataa, akalilazimisha. Akachukua nyingine. Ndipo machozi yalipomtoka, si kwa sababu ya ladha. Aliwaza kwamba kilima hiki kimoja, cha kijani namna hii, kingemsimamisha Magala siku nzima. Watu wa mji walikuwa wamekimwagia mafuta na vitunguu, na wengine walikibakiza sinia ikaondolewa.

Tache hakucheka tena. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani.

"Baba."

Mzee akala tonge la tatu.

"Baba, acha. Wamebaki wangapi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, ni mwiko."

"Basi wapo?"

Bonaya akatikisa kichwa.

"Hata Magala? Yule mdogo, mwenye doa?"

"Huyo alikuwa wa mwisho. Nilimwinua asubuhi kumi na moja mfululizo, mimi na mama yako. Ya kumi na mbili alinitazama tu. Mama yako akaniambia, mwache, Baba Tache, mwache sasa apumzike. Nikamwacha." Mzee akaisukuma sinia kando. "Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka kukwambia."

Tache alifunika uso kwa viganja. Meza ya jirani watu waligeuka, wakarudi kwenye sahani zao.

"Kazi usiiache, mwanangu," mzee akasema haraka, sasa ulimi umefunguka, maneno yanasukumana. "Hilo ndilo lililonileta. Shika kazi yako. Nyumbani hakuna kitu."

"Nimeshaiacha."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Ndilo nililotaka kukwambia kule kwenye nyama." Tache aliongea chini chini, kama mtu anayeomba radhi. "Nimewarudishia sare na ufunguo. Kuna kijana wa Gondar alikuwa anangoja nafasi. Wamemvika pale pale, nikiwa natazama."

Asubuhi. Saa zile zile mzee alipokuwa ameketi kitandani akiyapanga maneno. Angesema jana, angesema hata usiku wa jana gizani bila kuonana nyuso, mtoto angekuwa na kazi. Mvua ilichukua ng'ombe, hiyo ni mipango ya Mungu. Lakini kazi ya Tache haikuchukuliwa na mvua. Aliichukua yeye Bonaya, kwa neno moja la adabu.

Asnakech alipita na birika, akaona sinia ilivyoliwa, akapiga kofi la furaha. "Jamani, njooni muone! Mzee amekula mboga zangu! Niongeze?"

Aliwatazama, akaondoka taratibu.

Mzee Bonaya alipangusa vidole kwenye pindo la shuka lake, kimoja kimoja. Alikaa sawa, kama anavyokaa mwanamume mwenye kundi anapotaka kuuliza neno barazani.

"Huko kwenye ulinzi," akasema, "wanachukua na wazee?"