Siku Koko Alipojisemea

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu Blacktown akang'olewe jino. Daktari wa meno, kijana mpole, alimpa kipande cha pamba aking'ate, kisha akanigeukia na kunieleza yale wanayoelezwa wazazi wote: asisukutue leo, asile cha moto, na akivimba au akipata homa, tusingoje kesho. Nikacheka. Alipoduwaa, nikainua kidevu nimwonyeshe kovu langu, mstari mdogo chini ya taya. "Hilo nalijua," nikamwambia.

Tulipotoka sikuelekea nyumbani. Nilipinda kwenda Toongabbie, nikaegesha gari mbele ya jengo la matofali mekundu nililokulia, nikakaa tu nikilitazama. Mwanangu, mdomo umejaa pamba, hakuweza kuniuliza lolote. Basi ngoja nikusimulie wewe.

Tulipofika huku ughaibuni tulikaa ghorofa ya juu watu watatu: mama, mimi na Koko. Koko ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Uvira. Mama alitunza wazee kwenye nyumba yao ya malezi, akiondoka asubuhi na sare yake ya buluu, na Koko akabaki na nyumba na mimi. Chini yetu alikaa mama mmoja wa Tanga, mjane mcheshi aliyefanya kazi ghalani. Siku ya kwanza alipokutana na Koko ngazini alimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, bibi." Koko akashika kiuno. "Bibi ya nani? Bwana yangu alikufa zamani!" Kwetu bibi ni mke, unaelewa. Walipofahamishana walicheka mpaka wakakaa palepale kwenye ngazi. Tangu hapo milango yao haikufungwa mchana. Harufu ya ndagala wa Koko, dagaa wa kwetu, ilishuka, harufu ya iliki ya jirani ikapanda, zikakutana katikati ambako mimi nilipenda kukaa nikichambua maharage. Jioni kasuku walirudi kwenye miti ya kituo cha treni kwa makelele, na Koko aliwakemea kutoka barazani kana kwamba ni watoto wa mtu.

Koko hakujua Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Dukani, kliniki, hata kwa yule mzee wa nyumba ya pili aliyelalamikia nguo zetu kwenye kamba, Koko alinishika mkono, akanisimamisha mbele yake na kusema, "Mutoto, ongea." Nami niliongea. Nilijiona mtu mkubwa, nakwambia. Jirani alikuwa akinitania, "Kinywa ni jumba la maneno, na hili jumba lako lina wapangaji wawili."

Sasa jumba hilo likaingia moto.

Ilikuwa wakati jakaranda zinachanua, barabara nzima imekuwa zambarau. Nilikuwa na gego la chini lililooza kwa peremende. Likang'olewa, nikalia kidogo, nikapewa aiskrimu, mambo yakaisha. Hivyo tulidhani. Baada ya siku chache shavu likaanza kujaa. Koko akasema ni kidonda kinapona, akanisukutuza maji ya chumvi, akanikanda kwa kitambaa cha moto akiimba. Lakini uvimbe haukukaa shavuni. Ulishuka chini ya kidevu, ukawa mgumu kama ubao. Jumamosi niliamka nikitetemeka kwa homa, meno hayaachani, mate yananitoka kwa kuwa kuyameza kulikuwa kama kumeza kokoto. Mama alikwisha kwenda kazini, na huko simu zao hufungiwa kabatini.

Jirani alipanda na bakuli la uji. Aliponiona akaliweka chini, akanigusa shingo kwa mgongo wa mkono.

"Mama mkubwa," akamwambia Koko, "hili si jambo la chumvi tena. Vaa viatu."

"Nibadilishe kitenge kwanza."

"Vaa viatu tu!"

Nakumbuka maua ya zambarau yakiteleza kwenye kioo cha gari lake dogo, na Koko nyuma amenipakata, anaomba kwa sauti. Jirani naye mbele alikuwa akiomba kwa namna yake, kila taa nyekundu na dua yake. Kwenye mlango wa dharura wa hospitali hapakuwa na pa kuegesha. "Shukeni nyie, mimi nakuja!" akasema, akaondoka kutafuta nafasi.

Tukabaki wawili mbele ya dirisha la muuguzi. Akauliza jambo kwa Kiingereza. Koko, kwa mazoea, akanisogeza mbele. "Mutoto, ongea."

Nilijaribu. Ilitoka sauti ya bata. Koko aliinama akanitazama usoni, na nikaona anaelewa kwamba leo hana mdomo wa kuazima. Nilimwona akiogopa. Sikuwa nimewahi kumwona Koko akiogopa kitu.

Kisha akajinyoosha, akafunga kitenge vizuri. Akafungua kinywa, akashika jino lake mwenyewe na vidole viwili, akaling'oa hewani. Akajaza mashavu upepo. Akajipepea na kupuliza mdomoni, fuu, fuu, kuonyesha moto. Akajikaba koo na kutoa macho. Na mwisho, akatumia Kiingereza pekee alichokijua, kile alichokisikia kila tulipopanda treni, akakitangaza kwa sauti ileile ya behewani: "Neksti stopu: dokta!"

Muuguzi hakucheka. Alitoka nyuma ya kioo, akanigusa chini ya kidevu, akaita wenzake, na ghafla nikawa kitandani nasukumwa. Jirani alipofika akihema, alimkuta Koko anatembea kando ya kitanda amemshika daktari mkono wa shati.

Usaha ulikuwa umeingia chini ya ulimi na kuteremka shingoni. Walinilaza, wakanipasua kidogo chini ya taya, wakaacha kimrija cha kuutoa, wakanitundikia dawa kwenye mshipa. Walimpigia mkalimani kwa simu ili amweleze Koko, na yule bwana alizungumza Kiswahili cha kunyooka mno hata Koko akamuuliza jirani, "Huyu anasoma habari?" Jirani akamfasiria Kiswahili kwa Kiswahili. Mama alipofika bado amevaa sare, daktari alimwambia kwamba tungechelewa zaidi, njia ya pumzi ingeziba. Mama alimkumbatia Koko, kisha jirani, kisha daktari, kisha akamrudia Koko.

Na siku zilizofuata, rafiki yangu, zilikuwa sikukuu. Jirani alileta uji wa mchele wenye tui, akaninywesha kwa mrija. Akina mama wa kanisani walikuja na nyimbo, muuguzi akafunga mlango ili wasisumbue wengine, lakini yeye mwenyewe akabaki upande wa ndani. Taya likaanza kulegea. Asubuhi moja daktari aliniomba nifungue kinywa niseme chochote. Wote wakanisogelea. Nikasema, "Njaa." Koko alipiga kigelegele kilichowatoa wagonjwa vyumbani, akacheza, mkono mmoja umeshika mti wangu wa dripu kama mwenzake wa dansi. Jirani alichungulia pengo langu, akasema, "Jino la pembe si dawa ya pengo, mwanangu, lakini kisamvu, hiyo sombe ya Koko, itapita hapo bila kubisha hodi."

Niliporudi nyumbani nilijiandaa kurudia kazi yangu. Tulikwenda dukani, nikajisimamisha mbele ya Koko kama kawaida. Akanisogeza kando. "Weye pumuzika. Miye nitajisemea." Akajisemea kwa vidole, kwa nyusi, kwa maneno aliyookota njiani, na akapata bamia, mabaki ya pesa na kicheko cha muuzaji. Mwaka haukuisha akawa anapanda treni peke yake hadi Blacktown, anarudi ametuletea habari za watu wote aliokutana nao. Nilifurahi, ingawa mkono wangu ulikaa muda mrefu ukingoja kushikwa.

Jengo lile bado limesimama. Kabla ya kuondoka nilichungulia ngazini: milango sasa imefungwa, kila mmoja una kufuli lake, na hapanuki kitu. Jirani alihamia Perth kwa binti yake. Koko tulimzika majira ya baridi, na mzee aliyelalamikia nguo zetu alikuja mazishini akalia kuliko sisi. Alituambia walikuwa wakizungumza kila asubuhi uani, miaka yote ile. Tulimuuliza kwa lugha gani. Akasema Kiingereza, cha Koko. Alikielewa chote, akasema, na sasa hana wa kuzungumza naye.