Asidi Hafifu Mlangoni mwa Kanisa

Mjukuu wangu wa kidato cha nne alirudi Ijumaa amenuna. Jumatatu angesimama ubaoni awaeleze wenzake kwa nini siki ni asidi hafifu na ile ya betri ni kali. Mara ya kwanza alikwama, darasa likacheka, akakaa chini analia. Hakutaka yamkute tena.

"Magokoro," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitwa nyanya huku Nyamira, "siki ikiingia majini huachia haidrojeni zake kidogo tu. Ya betri huachia zote. Hapo naelewa. Lakini mwalimu anasema siki haijatulia. Si imeachia kidogo, ikaisha?"

Tulikuwa tunachambua mboga za Sabato kabla jua halijazama.

"Mimi niliishia darasa la tatu. Niulize habari ya hizi mboga za chinsaga."

"Chinsaga zako chungu kama wewe."

"Babu yako alishachoka na watamu."

Jua likazama, Sabato ikaingia, nikakiweka kitabu chake juu ya kabati. Kwetu siku ya Sabato hayasomwi ya shule. Akanitazama kama nimemnyima chakula. Basi swali akaenda nalo kanisani kichwani.

Ibada ilipokwisha, vijana walitoka wote kwa mkupuo, amina haijapoa. Sisi kina mama tukabaki kwenye viti, tunapiga soga, watatu tu wakatangulia nje. Akaja kuniita.

"Twende, Magokoro. Wale watatu nje wanakungoja tangu amina."

"Watatu gani? Hao sio wale wa mwanzo."

Majina ya watu hayanipotei mimi. Nikamtajia mmoja mmoja: mweka hazina amerudi ndani kuchukua mwavuli, mke wa mzee wa kanisa akatoka. Fundi cherehani ameingia kuniuliza habari ya goti langu, dada yake akatoka.

Akaziba mdomo, akacheka. "Rudia hapo kwa mwavuli!"

Nikarudia. Akasema siki ndiyo sisi. Wengi tumekaa ndani, wachache wako nje, na kila akitoka mmoja mwingine anarudi, kwa hiyo ukiangalia kwa mbali utadhani kumetulia. Vijana ndio betri: wametoka, hawarudi. Na ile namba isiyobadilika ya kila asidi, wanayofundishwa shuleni, hulinganisha walio nje na waliobaki ndani. Ya siki ni ndogo sana.

"Kwa hiyo mimi ni siki?"

"Hafifu kabisa."

"Na hii si kazi ya shule, siku ya Sabato?"

"Kitabu kiko juu ya kabati, Magokoro."

Jumatatu jioni alikuja mbio akikatiza katikati ya shamba la majani chai. Alikuwa amechora kanisa ubaoni, na mlango wake. Darasa lilicheka tena, ila safari hii alilichekesha mwenyewe. Mwalimu akamtega: walio nje wakibebwa na gari, je?

"Nikamwambia wengine watatoka kujaza nafasi zao."

"Na mimi?"

"Nikasema wewe utatoka wa mwisho, ukiwa bado unaongea."