Waini Ambayo Mama Hakuionja

Juzi jirani yangu hapa Levolosi alifungua chupa ya waini nyekundu ya Dodoma huku mbuzi yuko jikoni, juu ya mkaa. Ile harufu ya zabibu ikichanganyika na mafuta yanayoungua ikanirudisha moja kwa moja kwenye grosari ya mama, baa yake ndogo pale Maji ya Chai, na hasira zangu zote zikarudi. Acha nikuambie wewe, maana mume wangu ameshachoka kunisikiliza.

Mama alinilea peke yake. Baba yangu simjui, wala simtafuti. Grosari yetu ilikuwa ya mabati, kando ya barabara kabisa, na mama alikuwa na masharti yake. Ukiagiza waini nyekundu, anakuuliza kwanza unakula nini. Mbuzi na ndizi za kuchoma, sawa. Mtori wa ndizi uwe na mbavu za kutosha, siyo ule mwepesi wa mama aliyetoka kujifungua. Kwa loshoro, yale mahindi ya mtindi, alikukatalia kabisa, eti mtindi na waini vinagombana tumboni. Na ole wako uchanganye na soda, kama walivyopenda vijana wa pale. Alikunyang'anya glasi.

"Kanywe soda yako nje," alisema. "Waini yangu haina kosa."

Kichekesho ni kwamba mwenyewe hakuwahi kuionja. Alijifunza kwa kuangalia sahani zinavyorudi: zikirudi na mifupa mitupu, alijua chakula na kinywaji vimepatana. Ukimuuliza, anakwambia tone lake la kwanza atalinywa mezani kwa Bwana. Na mezani kwa Bwana hakuruhusiwa. Usharika wetu ulimtenga kila binti aliyezaa kabla ya ndoa mpaka atubu mbele ya watu wote. Kwa hiyo kila Jumapili ya Chakula cha Bwana benchi zima liliinuka kwenda mbele, mama akabaki ameketi, mkoba mapajani. Halafu divai yenyewe mzee wa kanisa alikuwa ameinunua kwetu Jumamosi. Jambo hilo lilinikera mpaka nikashindwa kuimba.

Mwaka wangu wa kipaimara ulipofika, mwalimu alitutangazia kwamba kila mtoto atashiriki mara ya kwanza akiwa na mzazi wake. Nikajua sasa mama hana pa kukimbilia. Wenzake waliozaa kama yeye walishatubu zamani, wakarudi kundini, wakaendelea na maisha yao. Toba hizo zilifanyika kwenye ibada ya kwanza, asubuhi sana, nasi tulikuwa watu wa ibada ya pili, kwa hiyo sikuwahi kuzisikia. Nilidhani ni kusimama tu. Nikamfuata jikoni akiwa anageuza ndizi.

"Mama, si unasimama mara moja tu, yanaisha?"

"Kusimama naweza, mwanangu. Yale maneno ndiyo siwezi."

"Maneno gani?"

"Geuza mbavu, zinaungua."

Basi, ndiyo jibu nililopewa. Nilimnunia wiki nzima. Siku ya siku nilienda mbele na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye alikanyaga gauni langu jeupe kila baada ya hatua mbili. Divai niliyoitamani tangu utotoni niliimeza kwa hasira. Kugeuka, namwona mama na kitenge chake kipya, ananitabasamia kana kwamba hakuna kilichopungua. Mchana aliwachinjia wageni mbuzi, akawamiminia waini, akawakataza soda. Mimi sikula.

Mwaka jana binti ya mjomba alikuwa anarudi kundini, akaniomba nimsindikize. Alisimama mbele na mwanawe mgongoni, kalala fofofo. Mchungaji akasoma, naye akarudia kwa sauti ya chini: kwamba anajuta tendo lililomleta mtoto huyu, na kwamba laiti angepewa nafasi tena, lisingetokea. Washarika wakaitikia amina.

Nilikaa pale na hasira mpya, safari hii kwa sababu mama hakuniambia. Angeniambia tu, jamani, nisingemnunia. Lakini ungemwambiaje mtoto jambo kama hilo? Miaka yote ile angeweza kwenda mezani. Alichotakiwa ni kusema mbele za watu kwamba anajuta kunizaa, na mama alikataa kunijutia.