Mkebe wa Munyu kwa Wamucii

Mwanamke ninayemwandika hapa anaitwa Wamucii. Ana ploti Kawangware, upande unaopakana na Riruta: vyumba kumi na vinne vya mabati vinavyotazamana, ujia katikati. Kimoja ni changu, kile cha mwisho karibu na mfereji wa maji ya bomba.

Kabla ya hapo nilikaa Kianda, Kibera, miaka kumi na tisa, kwa mwanamume anayeitwa Murunga. Huyo sitamwandika sana, ameshakula vya kutosha kwangu. Nitasema tu kwamba alitangaza mbele ya majirani kuwa mwanamke asiyeweza kusoma jina la mumewe hana nyumba, kisha akamleta mwingine. Siku niliyotoka na mfuko mmoja, alichukua panga akapasua magunia yangu manne ya udongo niliyopandia sukuma, udongo ukamwagika mlangoni. Mimi alikuwa na kisa nami, sawa. Magunia yalimkosea nini? Kusoma nilijifunza baadaye, ngumbaru ya kanisani, nikiwa na miaka arobaini na sita. Jina lake nilikataa kuliandika darasani. Leo nimeliandika, basi.

Nilipofika kwa Wamucii kutafuta chumba nilimkuta amechuchumaa mferejini, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyevaa gambuti na leso, anatikisa mtungi wa lita ishirini kama mtu anayepiga ngoma.

"Umekuja kuangalia nyumba ama umekuja kuniangalia mimi?" akauliza bila kugeuka.

"Nyumba, mama."

"Basi shika huku, mkono umechoka."

Nikashika. Ndani ya mtungi alikuwa ametia kokoto ndogo, jivu kidogo na maji kikombe kimoja. Tulipomwaga, ule utelezi wa kijani unaojibandika ndani ya mtungi ulitoka wote, na mtungi ukawa haunuki. Tangu siku hiyo natikisa yangu kila baada ya wiki mbili. Kwa hivyo kitu cha kwanza nilichopata kwa Wamucii ni maji safi, hata kabla sijapata ufunguo.

Alizaliwa hapo hapo. Anasema zamani hapakuwa na ploti, palikuwa na mahindi, na ng'ombe wa baba yake walilala mahali ambapo leo ni choo chetu. Aliolewa na Gerishon, mtu wa shamba la jirani, na Gerishon alipokufa shemeji zake walitaka kuuza kipande ambacho Gerishon alikinunua kwa baba mkwe wake. Alikataa. Alijenga chumba kimoja akapangisha, kikamjengea cha pili, hivyo hivyo mpaka cha kumi na nne. Mlango wa kila chumba anaujua kwa mlio wake. Ukipaka bawaba mafuta, atauliza, "Leo wewe umeingiaje, sijakusikia?" Wapangaji wote humwita Shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu. Mimi humwita mama, kwa sababu wangu alikufa nikiwa Kianda na Murunga hakunipa nauli ya kwenda kumzika.

Katika pembe ya leso yangu nilikuwa nimefunga mbegu za mboga alizonipa mama yangu: mrenda, mitoo, kunde. Hizo Murunga hakuziona. Nilimwomba Wamucii ruhusa ya kuweka magunia ujiani.

"Weka," akasema. "Lakini ukuta wangu usiuguse. Udongo ukilalia mabati, mabati inaliwa na kutu. Acha nafasi ya mkono, na chini uweke mawe, maji ipite."

Sheria hiyo ilikuwa nzuri kuliko nilivyokuwa nikifanya Kibera, kwa maana gunia lililokaa juu ya mawe halileti kutu kwa mwenye nyumba wala haliozeshi mizizi. Nilitengeneza matano. Unachukua mkebe mkubwa uliotolewa matako, unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza kokoto, halafu unamwaga udongo na samadi pembeni. Udongo ukipanda, unauvuta mkebe juu na kuujaza tena, mpaka gunia lote liwe na mgongo wa mawe katikati. Ukimwaga maji juu, hushuka kwa huo mgongo na kufika chini. Asiyeweka mawe atanywesha sukuma ya juu tu, ya chini itakufa kwa kiu huku yeye akisema mbegu ni mbaya. Mashimo ya kando usiyapange mstari mmoja. Na maji yawe yale ya kusuuza mboga au vyombo. Ya kufulia yenye sabuni nyingi mwaga choo.

Wadudu weusi wadogo walipojaa chini ya majani, nilichunga jivu kwa kitambaa na kulinyunyiza asubuhi, majani yakiwa bado na umande. Jivu jembamba kidogo, si kofi zima. Likizidi linaunguza mche. Siku ya tatu unaosha. Wamucii alisimama akitazama.

"Wewe na jivu," akasema, "ni kama mtu na mume wake."

"Afadhali jivu, mama. Halitoki nje ya ndoa."

Alicheka mpaka akashika ukuta, na hapo niliona kinywa chake vizuri. Alikuwa amebakiwa na meno manne, mawili juu na mawili chini, na hayakukutana. Nikafahamu kwa nini kila nilipompelekea sukuma alishukuru sana, kisha jioni nikaiona kwa Kagiri, mtoto wa kaka yake anayesimamia ploti. Wamucii alikuwa akiishi kwa chai, uji na viazi vya kuponda. Mboga ilimshinda.

Shida ilianza kunde na mitoo zilipokomaa. Jani la kunde lililokomaa ni kama turubai. Kwetu Magharibi halipikwi kwa maji matupu. Hutiwa munyu, maji ya jivu yaliyochujwa. Nilikusanya maganda ya maharagwe kwa mama mmoja anayemenya sokoni, na magunzi kwa mchoma mahindi, nikayaanika na kuyachoma peke yake. Usichanganye na takataka za plastiki. Hilo si jivu la kula, ni sumu. Nikatoboa mkebe wa mafuta ya kupikia matundu madogo chini, nikatandika nyasi kavu, nikaujaza jivu, nikaumwagia maji na kuuning'iniza kwa waya juu ya mlango wangu. Chini nikaweka sufuria. Tone, tone, tone. Maji hutoka mekundu kama chai ya rangi.

Jirani wa mkabala, Maggie, alitoka na beseni lake la nguo akasimama kama aliyepigwa msumari.

"Mama Gunia, hiyo ni nini inadondoka?"

"Ni dawa ya mboga," nikajibu, mikono ikiwa na kazi.

Neno hilo, dawa, lilinitoka vibaya. Siku iliyofuata ploti nzima ilikuwa na habari kwamba mwanamke wa chumba cha mwisho amefunga dawa mlangoni, inadondoka damu. Mmoja akakumbuka kwamba mumewe amekosa kibarua wiki mbili. Mwingine akakumbuka paka aliyekufa. Watu wakawa wanachota maji mapema wasinipite. Maggie alisema kwa sauti ya kusikika, "Waluhya wengine wanafuga kuku, huyu wetu anafuga mkebe!" Wakacheka, lakini walicheka kwa mbali.

Ijumaa, Kagiri akaja akasimama hatua tano kutoka mlangoni.

"Mathe, hii maneno imefika kwa Shosho. Watu wanasema ukibaki wao watahama. Jumapili jioni chumba iwe wazi."

"Na magunia?"

"Beba."

"Gunia moja ni watu wawili, Kagiri. Matano nitayabeba na nani?"

"Basi mwaga udongo hapo nyuma."

Alisema kama mtu anayezungumza juu ya takataka. Mimi nilisikia panga. Nilikaa juu ya kitanda changu nikamkumbuka Murunga, nikamchukia upya, kisha nikamchukia na Wamucii, ingawa hakuwa amenitendea ila wema. Ndivyo ulivyo uchungu, hauulizi nani. Chumba kingine kwa mtu aliyeitwa mchawi hakipatikani Kawangware. Neno lingefika mlangoni kabla yangu. Na mbegu zilikuwa bado shambani mwangu, maana yake magunia hayo matano. Kunde ilikuwa haijatoa hata ganda moja kavu. Nikiyamwaga, mbegu za mama yangu zimekwisha.

Jumamosi asubuhi niliamua jambo moja: safari hii hakuna atakayeniharibia, nitavuna mwenyewe. Nilichuma kila jani. Nikachambua kunde na mitoo na mrenda, nikabandika sufuria kubwa, maji yalipochemka nikatia vijiko vitatu vya munyu, kisha mboga. Vitatu kwa sufuria ya watu wanane. Ukizidisha, ulimi utaonja sabuni. Sikufunika. Ukifunika, mboga hugeuka rangi ya udongo; ukiacha wazi, inabaki kijani.

Harufu ilijaza ujia. Nikasikia gambuti. Wamucii akatokea, Kagiri nyuma yake, na nyuma ya Kagiri, Maggie akijifanya anaanika nguo zilizokwisha kukauka.

"Nelima," akasema Wamucii, "nataka unieleze kwa mdomo wako. Huo mkebe ni wa nini?"

"Ni wa mboga, mama."

"Walisema umesema ni dawa."

"Nilikosa neno la Kiswahili. Kwetu tunaiita munyu."

Akautazama mkebe. Kisha akasogea hatua moja.

"Unasema inaitwaje?"

"Munyu."

"Munyu?" Aligeuka akamtazama Kagiri. "Umesikia huyu? Munyu! Hata sisi Wakikuyu tunaiita munyu! Baba yangu alikuwa anaenda kutafuta munyu ya ng'ombe, ile ya kulamba. Anaweka hapo, hapo kwa choo. Sisi watoto tulikuwa tunaiba tunalamba na ng'ombe." Akanigeukia. "Kwani nyinyi munyu mnatoa wapi?"

"Kwa jivu, mama. Maganda ya maharagwe."

"Onja nione."

Nikachovya kidole katika ile sufuria ya matone mekundu, nikalamba. Maggie akaziba mdomo. Wamucii akanisogelea, akachovya kidole chake, akalamba, akafumba macho. Sikujua anaonja nini, lakini uso wake ulikuwa wa mtoto.

"Shosho, wacha hiyo kitu!" Kagiri akasema.

"Nyamaza, wewe. Ulizaliwa ukikuta kila kitu kwa paketi." Kisha kwangu: "Na hiyo iko jikoni?"

"Kunde, mama. Imelainika. Haitaki meno."

Mimi mwenyewe niliogopa baada ya kusema hivyo, kwa sababu hakuwahi kumtajia mtu habari ya meno yake. Alikaa juu ya kiti changu. Nikampa sahani ya kunde na ugali laini. Alikula tonge la kwanza polepole, akilisukuma na ulimi. La pili likaenda haraka. Alipofika la sita alikuwa ameacha kututazama.

"Miaka minne," akasema, akifuta mdomo kwa leso. "Miaka minne sijakula mboga. Nanunua, naangalia, napea huyu." Alimwonyesha Kagiri kwa tonge. "Yeye ananenepa, mimi nakonda."

Maggie alikuwa amefika mlangoni bila kujijua, na Wamucii akamwona.

"Maggie, unaogopa? Kuja uonje damu."

"Sijasema ni damu, Shosho, nilisema inafanana."

"Kaa chini ule."

Maggie akakaa, akala, akaomba nyongeza. Sijasahau alichosema juu yangu na sidhani nitasahau. Lakini ni yeye aliyewaambia wengine, na alivyo na mdomo, kabla ya jua kutua ujia wote ulikuwa unajua tofauti ya munyu na dawa.

Kagiri alikuwa ameleta koleo ya kukatia ule waya. Wamucii akamwuliza, "Uko na nini mkononi?"

"Koleo, Shosho."

"Rudisha. Leta nyundo na msumari wa inchi nne. Waya haishiki vizuri, siku moja mkebe utaangukia mtu. Piga kwa mbao, usitoboe mabati yangu."

Kagiri akapiga msumari. Nilisimama nikihesabu mapigo, saba. Maishani mwangu wanaume wamenivunjia vitu vingi. Huyo ndiye wa kwanza niliyemwona akinipigilia kitu kikae.

Magunia nilikuwa nimeyakwanyua majani, mizizi ikabaki. Kunde ilichipua tena ndani ya siku kumi, na kabla ya mvua kuisha nilipata maganda makavu ya mbegu, nusu kwangu, nusu nikampa Wamucii. Sasa ana gunia lake, juu ya mawe, mkono mmoja kutoka ukutani kama alivyoniamuru mimi.

Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na namshukuru yeye mwenyewe ili asisikie kwa watu tu. Aliuliza kabla ya kuhukumu. Mume wangu, miaka kumi na tisa, hakuuliza hata mara moja.

Anapotaka munyu hanitumii mtu. Huja na kikombe chake, hukaa kwenye kile kiti, tunasikiliza mkebe ukidondoka, na likikawia tone, yeye hugonga msumari kwa kidole, kama anayebisha hodi.